Mefiboshethi Katika Nyumba ya Makiri
Somo juu ya ulemavu mkubwa vijijini: wingi wake, asili yake, na wajibu wetu

Maandiko ya kusoma: 2 Samweli 4:4, 9:1–13, 16:1–4, 19:24–30. Tena Yohana 9:1–7.



Somo la mwezi huu ni la mtu ambaye habari zake husomwa mara chache katika sharika zetu, yaani Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, mjukuu wa Sauli. Habari hizo zimetawanyika katika Kitabu cha Pili cha Samweli, hapa mstari mmoja, pale sura nzima; ndiyo sababu wengi huzipita. Lakini mwenye kuziunganisha ataona ya kuwa zatusaidia kujibu maswali matatu yatuhusuyo sana hapa Tinde, na katika Usukuma wote. Walio na ulemavu mkubwa kati yetu ni wangapi? Walipataje kuwa hivyo? Na mahali pao ni wapi katika nyumba ya Mungu?

I. MTOTO ALIYEANGUKA

Mefiboshethi hakuzaliwa kiwete. Alikuwa mtoto wa miaka mitano wakati habari ya kufa kwa Sauli na Yonathani ilipofika kutoka Yezreeli. Mwanamke aliyemlea alimchukua akakimbia naye, na kwa ajili ya haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili.

Angalieni jinsi Maandiko yanavyosimulia. Yataja umri wa mtoto, yataja habari iliyoleta hofu, yataja haraka, yataja kuanguka. Hayataji mchawi, wala laana ya ukoo, wala mzimu aliyekasirika. Tena hayamlaumu yule mlezi. Alikimbia kwa kuwa alitaka kumwokoa mtoto, na katika kumwokoa mtoto aliumia.

Neno la kwanza la somo letu ndilo hili: ulemavu una asili yake, nayo yaweza kuulizwa na kusemwa waziwazi, pasipo kumtafuta mtu wa kumtwika hatia. Wanafunzi wa Bwana wetu nao walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimtafuta mkosaji: je, ni yeye, au ni wazazi wake? Bwana aliyakataa yote mawili, akaanza kazi ya kumponya. Nasi watu wa nchi hii tu wanafunzi wa namna ile ile. Mtoto akipatwa na jambo hatuulizi upesi, "Ni nini?" Twauliza, "Ni nani?" Na kila swali lina njia yake. Aulizaye "Ni nani?" hushika njia ya kwa mfumu, apige ramli. Aulizaye "Ni nini?" hushika njia ya zahanati.

II. WALIOMO KATIKA NYUMBA YA MAKIRI

Daudi alipokwisha kuimarishwa katika ufalme wake, hakujua ya kuwa mtu huyu yu hai. Ilimpasa kuuliza. Ndipo Siba akamwambia kwamba yuko mmoja, naye ni kiwete, akaa Lo-debari katika nyumba ya Makiri. Jina la mahali pale laweza kufasiriwa "pasipo malisho", nasi wafugaji twajua maana ya kukaa mahali pasipo malisho.

Ndivyo ilivyo kwetu. Mgeni akiuliza kijijini, "Mna vilema wangapi?", atatajiwa watatu au wanne: yule aketiye sokoni, na yule kipofu aongozwaye na mjukuu wake. Waliomo ndani ya nyumba hawatajwi, maana hawaonekani njiani.

Mwaka 2008 Serikali yetu ilifanya uchunguzi wa nchi nzima juu ya jambo hili. Watu waliulizwa kwa habari ya kazi za mwili: je, aona taabu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, au kufahamiana na wenzake? Katika Tanzania Bara, kwa kila watu 100 wenye miaka 7 na zaidi, 7.8 walikuwa na ulemavu. Mijini walikuwa 6.3, na vijijini 8.3. Katika Sensa ya mwaka 2022 hesabu ya nchi ilikuwa 11.2 kwa kila 100.

Hao ni wa daraja zote, wenye taabu ndogo na wenye taabu kubwa. Kwa habari ya ulemavu mkubwa, Shirika la Afya Duniani katika taarifa yake ya mwaka 2011 lilikadiria kwamba katika dunia nzima, kwa kila watu wazima 100, kati ya 2 na 4 wana taabu kubwa sana katika maisha yao. Tena ya kuwa ulemavu ni mwingi zaidi katika nchi maskini kuliko katika nchi tajiri. Basi kila mwinjilisti na afanye hesabu yake. Kijiji chenye watu wazima 1,000 yafaa kitazamiwe kuwa na watu 20 hadi 40 wa namna hiyo, na watoto bado hatujawahesabu. Jumapili hii tazama katika mabao ya kanisa lako. Ukiwaona wawili, uliza kama alivyouliza Daudi: wale wengine wako wapi?

III. ASILI ZAKE

Mbona vijijini wamezidi? Si kwa kuwa watu wa shamba wamelaaniwa. Ni kwa kuwa kati yao na msaada pana umbali, tena kazi yao, chakula chao na maji yao vina hatari zake. Nitazitaja zilizo karibu nasi.

1. Kuzaliwa. Mama akishikwa na utungu usiku na zahanati iko mbali, mtoto aweza kukawia kuzaliwa, akakosa hewa. Ubongo haustahimili kukosa hewa. Mtoto huyo akipona aweza kubaki na viungo vilivyokakamaa, na shingo isiyosimama, na taabu ya kumeza. Ndio uitwao mtindio wa ubongo. Hali kadhalika mtoto mchanga mwenye manjano makali asiyetibiwa mapema aweza kuwa kiziwi au kulemaa viungo. Tena wako wazaliwao na nyayo zilizopinda kwa ndani, yapata mtoto mmoja kwa kila 1,000. Huyu akifungwa plasta angali mchanga, na plasta ikibadilishwa juma kwa juma, nyayo hunyoka. Akifichwa ndani miaka mingi, matibabu yake huwa magumu.

2. Homa. Mikoa ya Ziwa ni kati ya mikoa yetu yenye malaria nyingi. Malaria ikipanda kichwani, au uti wa mgongo ukishambuliwa, mtoto hupatwa na degedege. Wengine husema ameingiwa na pepo, na wako waaminio kwamba sindano itamwua. Siku mbili zikipita katika kufukiza dawa na kuagua, mtoto aweza kupona naye hasikii tena, au amepooza upande, au amebaki na kifafa. Na mwenye kifafa asiyepata dawa huanguka penye mafiga, akaongeza kovu la moto juu ya ugonjwa wake.

Hapo pana habari njema pia. Ugonjwa wa polio, uliowalemaza wengi wa rika la wazazi wetu, ulizuiwa kwa chanjo. Mgonjwa wa mwisho wa virusi vya asili katika nchi yetu alionekana mwaka 1996, na tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa huru na virusi hivyo. Lakini mwaka 2022 vilionekana tena Malawi na Msumbiji, vikiwa vimeletwa kutoka nje. Basi chanjo haina likizo.

3. Macho. Wazee wengi tuwaitao vipofu wana mtoto wa jicho, nao wangeona tena kwa upasuaji mfupi. Kwa watoto, waganga waliochunguza hapa Tanzania katika miaka ya 1980 waliona kwamba kioo cha jicho kiliharibiwa na mambo matatu yaliyoshikana: surua, upungufu wa vitamini A, na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Mtoto mwenye surua macho yake huwa dhaifu. Mzazi kwa huruma humtia maji ya majani, na jicho hupasuka. Hapa tena yule mlezi akimbiaye na mtoto kwa upendo! Chanjo ya surua, mboga za majani, maembe na mapapai, na kutotia jichoni kitu kisichotoka kwa mganga wa hospitali, hayo yamewaokoa wengi.

4. Chakula na maji. Mwaka 1985, katika ukame, watu wa Tarime mkoani Mara walipatwa na kupooza miguu kwa ghafula, hasa wanawake na watoto. Ugonjwa huo huitwa konzo. Waganga waliochunguza waliona kwamba njaa ilikuwa imewafanya watu kula mihogo michungu ambayo haikutayarishwa kwa siku za kutosha. Sumu yake ilibaki ndani, na chakula kingine hakikuwapo cha kuupa mwili nguvu ya kuishinda. Nasi tulao makopa na udaga tusiifupishe kazi ya bibi zetu kwa sababu ya haraka. Tena mkoa wetu wa Shinyanga ni mmoja wa mikoa ambayo maji ya baadhi ya visima vyake yana floraidi nyingi, ambayo huyatia meno rangi ya kahawia, na ikizidi sana hupindisha mifupa ya watoto. Kuletwa kwa maji ya Ziwa Viktoria katika Shinyanga na Kahama, mradi uliozinduliwa mwaka 2009, ni baraka kwa mifupa pia, wala si kwa kiu tu.

5. Dhahabu na barabara. Vijana wetu huenda Geita na Kahama kutafuta dhahabu. Shimo lisilo na magogo ya kushikilia huporomoka, na aliyetolewa hai aweza kuwa amevunjika uti wa mgongo. Vumbi la mwamba huharibu mapafu. Na wakamatishao dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, huvuta mvuke wake. Mikono hutetemeka, akili hupungua. Katika kijiji cha Rwamagasa, Geita, wachunguzi walikuta sumu hiyo katika miili ya wachimbaji. Ni hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotangazwa mwaka 1956 ulitokana na zebaki ya kiwanda iliyoingia katika samaki. Akina mama waliokula samaki hao walizaa watoto waliolemaa, hata wale ambao wenyewe hawakuonekana kuugua. Basi zebaki isichomwe nyumbani, wala karibu na mama mwenye mimba. Nasi wa Tinde, tulio penye njia panda ya kwenda Mwanza na ya kwenda Kahama, twajua bila kuelezwa jinsi pikipiki na malori yanavyowakata watu miguu.

IV. MATUNDA YA SWALI LA "NI NANI?"

Swali hilo halimponyi mlemavu, tena huongeza maiti na wajane. Nataja matunda yake matatu.

La kwanza ni vikongwe. Miti ya Shinyanga ilikatwa sana zamani ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba, hata ikalazimu mradi wa HASHI kuanzishwa mwaka 1986 ili kurudisha miti na ngitili. Mama asiye na kuni hupikia samadi kavu na mabua ya pamba ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Miaka 50 ya moshi huo, pamoja na vumbi na vikope, huyafanya macho kuwa mekundu. Tangu miaka ya 1970 Usukuma ulijulikana nchini kote kwa kuuawa kwa wanawake wazee walioitwa wachawi, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi. Macho yaliyougua kwa kuwapikia watoto ndiyo yaliyomhukumu mama!

La pili ni ndugu zetu wenye ualbino. Hukadiriwa kuwa katika nchi yetu ni mtu mmoja kwa kila 1,400 hivi. Asili yake ni hii: baba na mama, wote wawili wenye ngozi nyeusi, kila mmoja hubeba sehemu ya urithi iliyofichika, mtoto akizipokea zote mbili, ngozi na macho hukosa rangi. Hakuna uzinzi hapo, wala mzimu. Adui zake ni jua liletalo saratani ya ngozi, na uoni hafifu. Kinga yake ni kofia pana, mikono mirefu, na kuketi mbele darasani. Lakini waganga wa uongo waliwaambia wachimbaji na wavuvi kwamba kiungo cha mtu huyo huleta mali. Mauaji yalizidi sana tangu mwaka 2007 katika mikoa hii ya Shinyanga, Mwanza na Geita. Wala hayajawa habari za kale: mwezi Mei 2024 mtoto mdogo aliporwa nyumbani kwao wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, akauawa. Watoto wengi walipelekwa Buhangija, mjini Shinyanga, wapate kulindwa shuleni. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo wako wasiotembelewa na wazazi miaka na miaka. Nyumba ya Makiri yaweza kuwa salama, na bado ikawa mbali na nyumbani.

La tatu halipigiwi mbiu. Mtoto akizaliwa mlemavu, mume huambiwa na ndugu zake, "Kwetu hakuna jambo hili." Naye humwacha mkewe. Mama hubaki peke yake na mtoto asiyeweza kuketi, hawezi kwenda shambani, hawezi kuja kanisani. Ndugu, Biblia haikumlaumu mlezi aliyeangukiwa na mtoto. Sisi tumepata wapi ruhusa ya kumlaumu mama huyu?

V. KINYWA CHA SIBA

Mfalme alipomkimbia Absalomu, Siba alikuja na punda wenye mizigo ya vyakula, akamsingizia bwana wake kuwa ametaka ufalme. Daudi alisikia kinywa kimoja, akampa Siba mali yote. Baadaye Mefiboshethi alieleza kwamba alitaka atandikiwe punda aje, maana ni kiwete, naye mtumishi akamdanganya. Tazameni jinsi mtu anavyopoteza urithi kwa sababu ya kukosa punda tu!

Hivyo hupotea shamba la kipofu, na urithi wa kiziwi ambaye hakuulizwa kwa ishara. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imewapa haki ya elimu, matibabu na kazi. Tena imeagizwa kwamba katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, 2 ziwe za watu wenye ulemavu. Mwinjilisti ajuaye kusoma na awasomee hayo, kisha awaache wanene kwa kinywa chao wenyewe.

VI. MEZA YA MFALME

Daudi hakumpelekea Mefiboshethi kibaba cha unga kule Lo-debari. Alituma watu wamlete, akamrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha mezani pamoja na wana wa mfalme siku zote. Miguu yake haikupona. Andiko lamalizia sura kwa kukumbusha kwamba alikuwa kiwete bado, naye alikula pale pale. Basi tusidhani ya kuwa mahali pa mlemavu kanisani ni pale tu anapoombewa apone. Akipona tutamshukuru Mungu. Asipopona, kiti chake ni kile kile.

Kanisa letu la Kilutheri lina urithi katika kazi hii. Huko Lutindi, Usambara, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa akili ilifunguliwa mwaka 1904. Iko shule ya wasioona ya Irente, Lushoto, na shule ya viziwi ya Mwanga, Upare. Lakini shule hizo ziko mbali na Tinde, na watu wetu wako hapa. Kwa hiyo nashauri mambo manne, yasiyohitaji fedha za ng'ambo.

Kwanza, kila mtaa uandike daftari: nyumba kwa nyumba, bila kuuliza "Mna kilema?", bali "Yuko nani asiyeweza kuona, kusikia, kutembea, au kujihudumia?" Pili, mtoto aonekanaye na kasoro apelekwe zahanati juma lile lile, na mzee mmoja wa kanisa asafiri na mama, hata Bugando ikibidi; maana wengi hawakuchelewa kwa ujinga, walichelewa kwa kukosa nauli na mwenzi. Tatu, vijana wamlete mtu kanisani kwa baiskeli, kwa mkokoteni, au mabegani. Wale wanne wa Kapernaumu (Marko 2) walitoboa paa; sisi twashindwa kupanua mlango? Nne, asiyeweza kuletwa, apelekewe Chakula cha Bwana nyumbani. Na kiziwi asinyimwe Kipaimara kwa kuwa hawezi kuitamka Katekisimo, maana imani haikuwekwa katika ulimi peke yake.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Katika 2 Samweli 4:4, Maandiko yataja sababu gani za ulemavu wa Mefiboshethi? Yanyamaza juu ya mambo gani?
2. Mtaa wako una watu wazima wangapi? Kwa hesabu ya somo hili, wenye ulemavu mkubwa wangekuwa wangapi? Unawajua wangapi kwa jina?
3. Ni desturi gani ya kijiji chako imchelewayo mtoto mgonjwa? Nani awezaye kuisema mbele ya wazee?
4. Je, yuko kwenu mama aliyeachwa kwa ajili ya mtoto mlemavu? Usharika umemfanyia nini?
5. Ni nani ambaye tangu kubatizwa kwake hajafika kwenye Meza ya Bwana kwa kukosa wa kumchukua?

Mkikutana kwa somo hili, anzeni na swali la tano, na msiondoke kabla ya kuchagua atakayekwenda kumleta. Bwana awatie nguvu.

Ni mimi mchungaji wenu, Tinde.